Mtunza Silaha na Kioo cha Hamsini na Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, mtunza silaha aliniambia niingie stoo, nisimame katikati ya rafu, nisiguse kitu. Kisha akafunga mlango. Nilikuwa karani mpya katika ofisi ya wanyamapori mjini Garissa, na nikadhani ananionea kwa sababu ni mwanamke na ni mgeni. Stoo ile haikuwa na dirisha. Mwanga wake wote ulikuwa mstari mwembamba chini ya mlango, na kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyozidi kuviona vitu: kwanza rafu, kisha makasha, kisha bunduki zimesimama ukutani kama watu walioelekeza nyuso ukutani.

Baada ya kama dakika kumi akaufungua mlango kidogo tu, akaingia ubavu. Mkononi alikuwa na ncha za drili zilizochakaa, nyembamba na nene. Akazisogeza moja moja kando ya jicho langu bila kunigusa, akilinganisha unene wa chuma na upana wa mboni.

"Saba," alisema. "Jicho ya mtoto. Mimi yangu ni tano."

Kisha akanionyesha meza yangu. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu. Alipima jicho la kila mtu aliyekabidhiwa bunduki katika kituo kile, na alinipima mimi ambaye kwa miaka kumi na mmoja sikukabidhiwa hata kisu.

Nilimwita Adeer, neno ambalo Wasomali humwitia baba mdogo na mtu yeyote wa rika hilo. Yeye aliniita Abaayo, dada. Baba yangu alikuwa mwalimu kutoka pwani aliyeletwa Garissa kufundisha na hakurudi tena kwao, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha nyumbani. Chake kilikuwa cha kazini. P ilimtoka kama B, na ngeli hakuzijali kabisa, lakini sikumbuki siku hata moja niliyoshindwa kumwelewa.

Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu zake amezipaka hina, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na mazoea ya kufuta kitu hata kama haukushika kitambaa. Alifuta glasi ya chai kabla ya kunywa. Alifuta skrini ya simu yangu kabla ya kusoma alichotaka nimsomee. Harufu yake ilikuwa ya mafuta ya bunduki na iliki.

Msomaji asidhani tulikuwa kituo cha wawindaji. Nchi hii ilipiga marufuku uwindaji zamani, kabla sijazaliwa. Bunduki zetu chache zenye darubini zilikuwa na kazi moja: mnyama akizoea kuua watu au kumaliza mifugo, na ikashindikana kumfukuza, basi hutafutwa na kupigwa risasi. Kazi hiyo hufanyika alfajiri au jua likizama, kwa sababu ndizo saa za fisi, simba na nyati. Ndiyo maana mwanga ulikuwa jambo kubwa kwetu, na ndiyo maana kituoni pakazuka ubishi kuhusu vioo.

Darubini ya bunduki ina kioo kidogo cha nyuma, unachowekea jicho, na kioo kikubwa cha mbele, kinachotazama porini. Hicho cha mbele hupimwa kwa milimita. Zetu za zamani zilikuwa za arobaini. Mkuu wetu, mtu wa bara, mchangamfu, aliyependa vitu vipya, alitaka za hamsini na sita. Alikuwa amesoma kwamba kioo kikubwa hukusanya mwanga mwingi, na hakukosea. Akaniagiza niandike barua ya maombi. Nikaandika. Mtunza silaha akaiona mezani kwangu, akaisoma taratibu huku kidole kikifuata mistari, akaniambia nimfuate nje kwenye tangi la maji.

Akaweka ndoo pana chini ya bomba, na kikombe cha bati pembeni.

"Kioo ya mbele ni mdomo ya ndoo. Kubwa nakusanya maji mingi. Sawa?"

"Sawa, Adeer."

"Lakini wewe hakunywi na ndoo. Wewe nakunywa na hii." Akainua kikombe. "Hii ni jicho yako. Chukua hamsini na sita, gawanya kwa nane, kwa sababu darubini nabandisha mara nane. Nabata ngapi?"

"Saba."

"Hiyo saba ndiyo mwanga natoka nyuma kuja kwa jicho. Wewe jicho yako ni saba, nakunywa yote. Mimi yangu tano. Ile mbili namwagika kwa mashavu." Akamimina maji kutoka ndoo hadi kikombe kikafurika, yakatiririka kwenye ndala zake. "Mkuu yake ni tano na nusu. Nilibima. Yeye nataka kununua mwanga ya kumwaga."

Aliendelea, na sijasahau hata neno. Kioo kikubwa lazima kifungwe juu zaidi ili kisigonge mtutu, na kikifungwa juu, shavu halifiki kwenye kitako cha bunduki, shingo inanyooka kama ya ngamia, na mtu anayelenga kwa shingo hupiga hewa. Kioo kikubwa ni kizito kwa anayetembea siku nzima vichakani. Kinanasa kwenye miiba. Kinameta juani, na mnyama aliyekwisha pigwa mara moja anaujua mmeto ule. Arobaini yatosha. Kwa mzee kama yeye, alisema, hata thelathini na mbili yatosha, mradi darubini isikuze sana.

Nilimwuliza: "Kwa hiyo hamsini na sita haina faida yoyote?"

Akakisugua kikombe kwa ncha ya shati.

"Iko na faida," alisema. "Kwa jicho kama yako naongeza dakika chache baada ya jua. Hiyo dakika ndiyo mimi sitaki."

Alikuwa na kanuni ambazo askari walizicheka asipokuwapo na kuzifuata alipokuwapo. Darubini haikuachwa wazi. Kila kioo kilikuwa na kifuniko chake, na bunduki zote zilikaa zikiangalia ukuta. Askari mgeni aliwahi kumwuliza sababu. Alimjibu kwamba kioo kisichofunikwa kinatazama. Kinatazama nini, hakusema. Alifunga stoo ya silaha wakati nambari za bunduki zikiwa bado zasomeka kwa macho matupu, na baada ya hapo hata mkuu hakuweza kumfanya aifungue ila kwa barua.

Kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kama jicho lako tupu halimwoni mnyama, usilitumie la bunduki kumtafuta. Kijana mmoja wa Tarbaj, askari hodari, mwenye jicho la saba kama langu, aliwahi kukutwa Masalani akiwatazama kwa darubini ya bunduki watu waliokuwa wakivuka mto kwa mtumbwi. Bunduki haikuwa na risasi. Mtunza silaha aliing'oa ile darubini papo hapo na kumfanya kijana abebe bunduki bila darubini kwa mwezi mzima, doria baada ya doria. "Umeweka mama ya watu kwa msalaba," alimwambia, akimaanisha zile nyuzi mbili zinazokatana ndani ya kioo. "Sasa beba."

Na bado mtunza silaha huyohuyo ndiye aliyekuwa mlengaji bora kuliko wote kituoni, kwa ushahidi wa kila mtu aliyekuwapo zamani. Mimi sikupata kumwona akifyatua hata risasi moja. Aliandaa bunduki, akazisawazisha kwa kuwaelekeza wengine, akakaa kando ameziba masikio.

Alifanya mzaha mara moja tu mbele yangu. Darubini za hamsini na sita zilikuja, kwa sababu barua ilikuwa imekwisha kwenda. Mkuu akataka ya kwake ifungwe siku hiyohiyo. Ikafungwa, ndefu na nene, imesimama juu ya bunduki kama mtungi juu ya kichwa. Tukaenda uwanjani nje ya mji kumtazama. Mkuu akanyoosha shingo kuitafuta picha, akasogea, akasogea tena, akafyatua. Risasi ilikwenda inakokujua yenyewe, na ukingo wa darubini ukamchana juu ya nyusi. Mtunza silaha alimfunga kidonda kwa upole, akabandika plasta, akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

"Hiyo ni sahihi ya kioo," alisema. "Sasa umebokea rasmi."

Mkuu mwenyewe alicheka mpaka damu ikaanza upya. Lakini za hamsini na sita zilibaki. Moja akapewa yule kijana wa Tarbaj.

Ndipo ilipotokea habari ya nyati wa Masalani.

Nyati dume peke yake alikuwa ameanza kuingia mashamba ya kando ya Tana, akila mahindi na kuwakimbiza watu. Alikuwa na jeraha la zamani mguuni lililomtia ukali. Mkuu alituma askari wanne pamoja na mtunza silaha, na mimi nikaenda kuandika maelezo ya walioharibiwa mazao. Jioni ya pili tulikuwa tumejibanza nyuma ya boma la miiba ukingoni mwa shamba la bwana mmoja wa pale, mkulima mpole aliyetuletea maembe kwenye beseni na kutuomba radhi kwamba hayajaiva vizuri.

Jua likazama. Sauti za mtoni zikabadilika. Ndege wakanyamaza karibu kwa pamoja. Mwanga ukawa wa kijivu, kisha kijivu kikaanza kutiwa wino. Kijana wa Tarbaj alikuwa amelaza shavu juu ya pedi ya ngozi aliyojifungia kwenye kitako.

"Adeer," alinong'ona. "Nimempata. Amesimama kwa ile mahindi. Namwona mpaka pembe."

Mimi nilitazama kwa jicho langu la saba. Niliona weusi ndani ya weusi. Mtunza silaha naye alitazama, mikono mitupu.

"Mimi simwoni," alisema.

"Adeer, wallahi namwona. Bega lote liko wazi."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Mahindi."

"Nyuma ya mahindi?"

Nilisikia kijana anavyopumua kwa mdomo.

"Shusha," mtunza silaha alisema. Na kijana aliposita, aliweka kiganja chake mbele ya kioo, kikubwa kama kifuniko cha sufuria, na akakiacha hapo. Tulisikia mabua yakivunjika polepole, kitu kizito kikiondoka bila haraka. Mkono wake haukutoka juu ya kioo mpaka sauti ilipokwisha kabisa.

Alfajiri, yule mkulima alitoka kwenda kuangalia hasara yake kabla hatujaamka vizuri. Nyati alikuwa amelala kwenye matete ya mtoni. Tulisikia ukelele mmoja. Kijana wa Tarbaj alimpiga nyati mwanga ukiwa tayari mzuri, risasi moja, lakini mkulima alikuwa ameshachanwa paja hadi nyonga. Hakufa. Walimkata mguu.

Hospitalini ndugu yake mkulima alimsimamia mtunza silaha kifuani. "Kijana wenu alimwona jana!" alipiga kelele. "Kila mtu anasema! Wewe ndiye uliyemzuia! Kwa nini?"

Mtunza silaha hakujitetea. Alisema, "Ndiyo, mimi nilizuia," akakaa kwenye benchi la korido, akabaki pale siku mbili. Alikuwa akimchotea mkulima maji ya kunawa na kuyamwaga. Siku ya tatu mkulima mwenyewe alimwambia aende nyumbani kwake akapumzike.

Tukiwa njiani kurudi Garissa nilikuwa nimekasirika, na sikuificha. Tulikaa viti vya mbele, yeye katikati, dereva hakijui Kiswahili cha haraka. Nilimwuliza moja kwa moja: dakika zile chache alizozikataa zilikuwa zina thamani gani hata zigharimu mguu wa mtu?

Akageuza uso kuielekea barabara. Kisha akanisimulia, na alisimulia kwa utaratibu, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

Miaka mingi kabla sijaajiriwa, alitumwa Sangailu, kule Ijara. Kulikuwa na fisi aliyekuwa akinyemelea watu kwenye kisima kimoja nje ya kijiji. Alikuwa ameuma wanawake wawili na kubeba mtoto mchanga, aliyepatikana amekufa. Wenyeji hawakumwita fisi. Walimwita kwa lile jina la mtu ambaye, katika hadithi za Wasomali, jua likizama hujisugua mwili kwa kijiti akageuka fisi, na kabla ya kukucha hujisugua tena akawa mtu na kukaa na wenzake. Walimwambia mtunza silaha asimpige jua likishazama, kwa sababu hatajua anampiga nani. Yeye alikuwa kijana, mboni zake za saba, na mkononi alikuwa na bunduki ya kuazima yenye darubini ya hamsini na sita. Hakuwa amewahi kuona kioo kama kile. Alikuwa anakionea fahari.

Alilala kifudifudi juu ya kichuguu. Jua likazama, watu wakaondoka kisimani, giza likaanza kushuka. Alipoinua kichwa hakuona kitu. Alipokirudisha kwenye kioo, kisima chote kilikuwa pale, wazi, cha rangi ya majivu, kana kwamba mchana mwingine ulikuwa umewashwa kwa ajili yake peke yake. Fisi akaja. Akasimama ubavu. Mtunza silaha akaweka nyuzi begani mwa mnyama na kuanza kuvuta kidole.

"Halafu nikaona mtu," alisema. "Nyuma ya fisi. Karibu hatua thelathini. Amesimama, amewekelea koti begani. Alikuwa naniangalia mimi. Abaayo, hakuna mtu anaweza kuona mimi habo, kwa giza, mbali hivyo. Lakini alikuwa naniangalia ndani ya kioo. Na akainua mkono."

"Ukafanya nini?"

"Kidole ilikuwa tayari imeenda."

Risasi ikalia. Fisi akaanguka hapohapo. Alipoinua macho, giza tupu. Alipotazama tena kwenye kioo, fisi alikuwa chini na nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikwenda na tochi. Fisi alikuwa fisi, jike kubwa, risasi imeingia ubavu mmoja na kutokea wa pili. Ilikokwenda baada ya hapo ndiko alikosimama yule mtu. Alitafuta damu, hakuona. Aliita, hakujibiwa. Alingoja kukuche atafute nyayo, lakini mbuzi wakatangulia kuja kunywa na kukanyaga kila kitu. Watu wakamshangilia. Alirudi na ripoti ya fisi mmoja.

"Wiki tatu baadaye nikasikia. Kuna mzee ya Sangailu alienda kutafuta ngamia yake siku hiyo. Hakurudi."

"Ulimwambia nani?"

"Sasa nimekwambia wewe."

Hapo nikaelewa mambo ambayo nilikuwa nimeyaona bila kuyaelewa. Kila mwaka alichukua likizo yake ndogo katika msimu uleule, akaenda Ijara na sukari na majani ya chai kwenye gunia, akarudi bila habari. Alikuwa akivipeleka kwa mke wa yule mzee. Mwanamke alidhani ni sadaka ya mtu mcha Mungu. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo si mke wala mjane, watoto wake hawajamsalia baba yao, kwa sababu mtu hasaliwi jeneza kwa kuchelewa tu.

Nilimwambia ni dhambi kumnyima mwanamke yule habari. Alisema anajua. Nilimwambia tugeuze gari. Alisema, "Si leo," kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Sikulizungumzia tena, na hilo ni langu, si lake.

Alistaafu. Kituo kilimpa blanketi na saa ya ukutani. Mwaka wa tatu baada ya kustaafu nikasikia macho yake yamekwenda, mtoto wa jicho kwa yote mawili, na kwamba anakataa kufanyiwa upasuaji. Nilimtembelea nyumbani kwake. Alikuwa amekaa barazani amegeukia ukuta, na aliposikia salamu yangu akaniambia, bila utangulizi, "Abaayo, sasa twende."

Tuliondoka Garissa asubuhi, mimi nikiendesha, tukafika Sangailu baada ya sala ya adhuhuri. Mke wa yule mzee alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito. Mwanawe mkubwa alikuwa pale, mtu mzima mwenye watoto. Walitukaribisha kwa maziwa. Mtunza silaha hakugusa kikombe. Alisema aliyokuja kusema, kwa Kisomali, taratibu, nami nilielewa karibu yote kwa sababu nilikuwa nayajua.

Alipomaliza, mwana alisimama, akatoka nje, akarudi, akakaa. Alisema wazee wa pande mbili wataitwa, na mambo ya ngamia wa kulipia damu yatazungumzwa kama ilivyo desturi. Mama yake akamnyamazisha kwa kiganja.

"Hayo ni yenu wanaume," alisema. Kisha, kwa mtunza silaha: "Alikuwaje?"

"Amesimama wima, Eeddo," akasema, akimwita shangazi kwa heshima. "Koti begani."

"Bega lipi?"

"La kushoto."

"Ndiyo. Alikuwa anaonekana ana hofu?"

"Hapana. Ametulia. Aliinua mkono."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Mwanamke akamtazama mwanawe, na mwanawe akainamisha kichwa. Nilihisi hali ya pale ndani ikibadilika kabla sijajua kwa nini.

"Mume wangu," alisema polepole, "mkono wake wa kulia aling'atwa na ngamia kabla hatujaoana. Ulikuwa hauinuki. Alikula kwa kuupandisha na ule mwingine. Labda umesahau, ndugu yangu. Labda ulikuwa wa kushoto."

"Ulikuwa wa kulia."

"Ni miaka mingi."

"Eeddo, nauona kila siku. Wa kulia."

"Basi kioo kiligeuza."

Huyu ndiye mtu aliyejua vioo kuliko yeyote niliyemjua. Alitingisha kichwa. "Hakigeuzi," alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Basi... nilimwona nani?"

Mwanamke aliweka mikono mapajani. Kwa nusu saa alikuwa amepata kaburi, na sasa alikuwa ananyang'anywa. Nilimwona akikusanya nguo zake. Akasimama, akatuambia tumfuate.

Alitupeleka kisimani. Palikuwa mchana bado, jua la alasiri, ardhi nyeupe, kimya isipokuwa inzi. Alimwuliza mtunza silaha kichuguu kilikuwa wapi. Kilikuwa kimemomonyoka, lakini mwanawe alikijua, akatusimamisha hapo. Mimi nilimshika mzee kiwiko. Mwanamke akatembea kuelekea ng'ambo ya kisima, akaenda, akaenda, mpaka alipofika mahali alipopaona panafaa, akageuka kututazama. Akaitupa shali yake begani, la kushoto. Kisha akainua mkono.

Mkono wa kushoto.

"Hivi?" alipaza sauti. "Aliinua hivi?"

Nilijua anachoomba. Mwanawe naye alijua. Alikuwa ametazama chini. Nilimgeukia mtunza silaha nikingoja aniulize ameinua mkono upi, na sikuwa nimeamua nimjibu nini. Hakuniuliza. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda, hayangeweza kutofautisha mtu na mti, lakini alikuwa ameyakaza, na uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Akaitikia kwa kichwa mara mbili.

"Haa," alisema kwa nguvu, ili asikike. "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Mwanamke alibaki ameinua mkono kwa muda, kisha akaushusha, akaketi mchangani, na mwanawe akaanza kumkimbilia. Kesho yake walimsalia baba yao, sala ya aliye mbali, na miezi michache baadaye tulimsalia mtunza silaha mjini Garissa. Watu wakisimulia habari ile husema kwamba alidanganya kwa huruma, na mimi huwaacha waseme. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Hakuwa akimtazama yule mama. Uso wake ulikuwa umeelekea kulia kwake, hatua kama kumi kutoka pale aliposimama mwanamke, umetulia juu ya kitu kimoja, na huko ndiko alikosema ndiyo. Niligeuka haraka kutazama. Jicho langu ni la saba, na mchana ulikuwa mweupe, na sikuona kitu ila ardhi.